Kwanini nyumba huku Dodoma inakuwa na joto usiku wakati nje kumeshapoa? Mafundi na wenye uzoefu njooni

#1 Mkazi_Nzuguni
Habari za muda huu wakuu. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Nimejenga huku Nzuguni, vyumba vitatu na sebule, tofali za block nchi 6, bati msauzi geji 30 rangi ya kijivu iliyokolea, juu jipsam, madirisha ya alumini ya kusukuma. Kwa macho nyumba iko vizuri tu. Shida ni hii, kuanzia Septemba mpaka mvua zianze mwezi wa 12, saa tatu saa nne usiku nje kuna kaubaridi kabisa watu wamekaa barazani wamejifunga khanga, ila ukifungua mlango wa sebuleni unapokelewa na joto, chumbani ndo usiseme, mpaka saa nane huko ndo panaanza kulalika. Halafu ikifika Julai inageuka, alfajiri baridi humo ndani watoto wanalala na masweta.

Majirani wananiambia funga AC umalize. Kabla sijaingiza hela huko nataka kuelewa hili joto linatoka wapi maana jua lilishazama toka saa kumi na mbili na nusu. Ni bati? Ni tofali? Madirisha? Kama ushafanya kitu kwako kikasaidia sema ulifanya nini.

#2 Mkonze_Yetu
Nimekaa siti ya mbele nasubiri waje. Nyumba yangu ina ugonjwa huohuo.

#3 fundi_kenchi
Mkuu hilo ni bati, tena bati la rangi ya kukolea. Nimepaua nyumba nyingi sana hapa mjini, Ilazo, Kisasa, Iyumbu, na siku hizi kila mtu anataka kijivu au nyeusi kwa sababu inapendeza kwenye picha. Bati la namna hiyo saa nane mchana la Oktoba linavuka nyuzi 60, huwezi kuweka kiganja. Chini ya bati kuna ile nafasi ya kwenye kenchi, chini yake jipsam ya milimita 9. Jipsam nyembamba vile haizuii kitu, inapokea joto juu inalishusha chini kwako.

Sasa kosa kubwa ni la watu wa finishing. Wanaziba kote, fisha bodi imeshika, chini ya mapaa wamepiga silingi ya PVC bila tundu hata moja, kwenye gebo (ile pembetatu ya ukuta iliyo juu chini ya paa) hakuna hata tofali la matundu. Hewa ya moto inakaa humo juu kama sufuria iliyofunikwa, haina pa kutokea. Fungua matundu chini ya mapaa upande wa upepo, na juu kabisa kwenye gebo pande zote mbili. Hewa ya moto inapanda yenyewe inatoka. Hiyo kazi haizidi siku moja ya fundi.

#4 Binti_Chamwino
Namheshimu fundi hapo juu ila sikubaliani nae kwenye suala la usiku. Mleta mada hajauliza kwanini mchana kuna joto, kauliza kwanini USIKU. Bati ni jembamba, chini ya milimita moja, halina uwezo wa kutunza joto. Jua likizama na anga letu la Dodoma lilivyo wazi bila mawingu bati linapoa haraka sana, ikifika saa mbili usiku lina baridi kuliko hewa ya nje. Ndo maana asubuhi Juni na Julai unalikuta na umande.

Kinachotunza joto ni ukuta. Block ya saruji nchi 6 ukipiga ripu ndani na nje ni kitu kizito, inakunywa joto mchana kutwa na linachukua kama masaa manne matano kupenya mpaka upande wa ndani. Jua la saa kumi jioni likipiga ukuta wa magharibi, lile joto unalipokea saa mbili saa tatu usiku ukiwa unajiandaa kulala. Fanya jaribio dogo leo, saa tatu usiku weka kiganja ukuta wa magharibi kwa ndani halafu nenda ukuta wa mashariki. Kisha uje utuambie kama ni bati.

#5 Tandale_Mpaka_Dodoma
Watu wa Dodoma mnalalamika joto? Njooni Dar mwezi wa pili mkae chumba cha bati bila feni ndo mtajua joto ni nini. Huko kwenu ni upepo tupu.

#6 Binti_Chamwino
@Tandale_Mpaka_Dodoma kaka, Dar joto lenu ni la unyevu na usiku halishuki sana kwa sababu ya bahari. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, usiku nje panapoa vizuri hata Oktoba. Yaani sisi ubaridi tunao bure hapo nje ya dirisha na bado tunalala tunatoka jasho. Hiyo ndo inauma. Nyie mna sababu, sisi hatuna.

#7 Tandale_Mpaka_Dodoma
Haya dada nimekusoma, yaishe 😂

#8 Mzee_wa_Mvumi
Mbukwenyi wote humu. Nimesoma nikasema nichangie kidogo maana hili swali wazee wetu walishalijibu zamani sana. Mgogo alijenga tembe. Kuta za miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo, nene, na juu sio bati wala nyasi, ni magogo yamelazwa, juu yake fito, juu yake udongo umeshindiliwa bapa. Madirisha hamna au vitundu vidogo tu. Nimezaliwa kwenye tembe na nimekulia humo. Mchana wa kiangazi ukitoka shambani ukaingia ndani unasikia mwili wote unashuka, na usiku wa Julai ndani kuna vuguvugu, hasa kwamba mbuzi na ndama walikuwa wanalala sehemu ya nyumba hiyohiyo.

Baadae ilipokuja Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 tukahamishiwa vijijini tukaambiwa tujenge nyumba bora, tembe ikaonekana ya kishamba. Bati likawa heshima. Mimi nina nyumba ya bati sasa na siwezi kurudi nyuma, lakini nasema ukweli, joto kama hili la kijana wa Nzuguni sisi tulikuwa hatulijui ndani ya nyumba.

#9 Mkazi_Nzuguni
Shikamoo mzee. Asante sana, hii nilikuwa siifahamu kwa undani hivyo.

#10 nesi_wa_zamu
Shikamoo mzee wangu @Mzee_wa_Mvumi. Niongeze upande wa pili ili vijana wasidhani tembe ilikuwa haina shida. Zile nyufa za kuta za udongo na sakafu ya vumbi ndo makazi ya papasi, na homa ya papasi imesumbua sana watu wa huku kwetu, wajawazito na watoto wadogo ndo iliwaumiza zaidi. Na moshi wa kuni ndani bila dirisha, macho na vifua. Na mvua kubwa ikikaa siku kadhaa lile paa linavuja udongo, au mchwa wanakula magogo mpaka paa linaanguka. Kwahiyo tujifunze kwenye ule unene wa udongo, ila nyumba yenyewe iwe na sakafu ngumu, ripu na madirisha yenye wavu.

#11 Mzee_wa_Mvumi
Marahaba binti. Ni kweli kabisa, papasi walituua. Nakubali.

#12 interlock_man
Hapo sasa mmefika kwangu. Unene wa udongo bila papasi ni tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora, NHBRA, wamezihamasisha miaka mingi tu. Hazichomwi kwahiyo hukati miti, na unaokoa saruji ya kujengea. Mimi nimejengea Ihumwa, na naona tofauti na block za mdogo wangu aliye kiwanja cha pili.

#13 Binti_Chamwino
@interlock_man tofauti inaweza isitoke kwenye tofali. Ya kwako ina rangi gani nje na ya mdogo wako ina rangi gani? Ina baraza? Madirisha yake yanaangalia wapi? Ukuta mzito wowote, uwe block au udongo, unatunza joto, swali ni kama jua linaufikia. Ukuta mzito wenye kivuli ni rafiki yako na ukuta mzito unaopigwa na jua la jioni ni adui yako, hata uwe umejengwa na tofali gani.

#14 interlock_man
Yangu ina baraza mbele na nyuma. Yake haina. Lakini bado nasimama na tofali langu.

#15 Ilazo_Juu
Mimi nasema wote mnaruka dirisha. Mleta mada kasema ana alumini ya kusukuma. Dirisha la kusukuma la vioo viwili hata ulifungue lote linakupa nusu tu, nusu ingine imefunikwa na kioo. Umetoboa ukuta futi tano unapumulia futi mbili na nusu. Halafu ndani yake kuna wavu wa mbu umejaa vumbi la Dodoma, upepo unakwama hapohapo. Zamani tulikuwa na luva, vioo vyake unavilaza vyote hewa inapita dirisha zima, au madirisha ya mbao ya kufungua kwa nje. Tukayatupa tukasema ya kizamani.

Upepo wa huku sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini mashariki, na Agosti Septemba unavuma hasa. Ukiwa na chumba chenye dirisha moja tu upepo hauingii, kwa sababu hauna pa kutokea. Weka tundu upande wa pili, hata kama ni tofali za matundu juu ya mlango. Joto la ukutani analosema @Binti_Chamwino litaondolewa na huo upepo wa usiku bila senti tano.

#16 mama_wa_Makulu
Nichangie kama mtu wa nyumbani sio fundi. Kwangu nyumba ni ya kawaida tu block na bati, na sijafunga AC. Ninachofanya ni mpangilio wa kufungua na kufunga. Asubuhi saa mbili saa tatu hewa ya nje ikianza kupata moto nafunga madirisha yote na mapazia mazito, hasa upande wa magharibi mchana. Watu wakija wananishangaa mbona umejifungia na joto hili, ila wakikaa dakika kumi wanauliza una AC? Jioni jua likizama nafungua kila kitu, madirisha, milango ya ndani, na feni naielekeza dirishani ipulize nje ile hewa ya moto ya ndani, upande wa pili hewa ya baridi inaingia yenyewe. Mpaka muda wa kulala pameshapoa.

Wengi wanafanya kinyume. Mchana kutwa wamefungua wanasema hewa iingie, inayoingia ni ya nyuzi 31 na vumbi juu, usiku wanafunga kwa kuogopa wezi na mbu. Hapo joto la mchana umelikaribisha halafu umelifungia ndani.

Na upande wa magharibi nimepanda mwarobaini miwili, haikunichukua muda mrefu ikafika juu ya dirisha. Mwarobaini unavumilia ukame wetu, unamwagilia mwaka wa kwanza tu basi.

#17 Mkonze_Yetu
Dada hiyo ya feni kupuliza nje sijawahi kuisikia, leo usiku najaribu. Ila mwarobaini karibu na ukuta mizizi haileti shida?

#18 mama_wa_Makulu
Niliacha kama mita nne tano toka msingi. Kivuli cha jioni kinafika mbali, hauhitaji kuugandisha ukutani. Na mbali na shimo la choo pia.

#19 ramani_tu
Naona hakuna aliyegusa namna nyumba ilivyokaa kwenye kiwanja, na hili kwa ambao hamjajenga ndo la muhimu kuliko yote maana haligharimu kitu. Mtu anapewa ramani ya kununua mtandaoni anaigeuza iangalie barabara, basi. Sebule yenye kioo kikubwa inaangalia magharibi. Huwezi kuzuia jua la saa kumi jioni kwa kenopi kwa sababu linakuja limelala, linapita chini ya paa. Madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini, upande wa magharibi weka choo, stoo, jiko. Jua la Dodoma linapita upande wa kaskazini mwaka mzima, kwahiyo ongeza mapaa upande wa kaskazini unakuwa umemaliza.

#20 mwalimu_jiografia
@ramani_tu umeongea vizuri ila hapo mwisho nikusahihishe. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linakuwa kaskazini kwetu kuanzia karibu tarehe 5 Machi mpaka karibu tarehe 9 Oktoba. Kuanzia hapo mpaka Machi linapita KUSINI kwetu, mwezi wa 12 linakuwa kama nyuzi 17 kusini mwa utosi. Kwahiyo mapaa ya futi mbili mbili na nusu yanahitajika pande zote mbili.

Na hiyo tarehe ya Oktoba ndo inajibu kwanini Oktoba na Novemba ndo kunatesa. Jua liko karibu utosini kabisa, anga halina wingu kwa sababu mvua bado, ardhi imekauka na miti mingi haina majani. Machi jua linapita tena utosini ila kuna mawingu na udongo una maji, joto halifiki vile. Jua likiwa utosini kinachopigwa zaidi ni paa, sio kuta. Kwahiyo kwa hapo naegemea kwa fundi, samahani dada @Binti_Chamwino.

#21 Binti_Chamwino
Mwalimu nakubali paa linapigwa zaidi adhuhuri. Ila hilo joto la paa linaingia ndani mchana, na likiingia linaenda wapi? Linakaa kwenye kuta, kwenye sakafu, kwenye zege la lenta, kwenye magodoro. Usiku tunaletewa na kuta. Tunarudi kulekule.

#22 fundi_kenchi
Kumbe basi tuzuie kwenye bati lisiingie 😀 Tunasema kitu kimoja.

#23 Binti_Chamwino
Hapana fundi, hatusemi kimoja. Wewe unatoboa gebo, mimi natafuta kivuli cha ukuta. Hela ni moja, mtu ataanza na kipi?

#24 umeme_safi
Tuje kwenye AC maana mleta mada aliitaja. Hesabu rahisi. AC ya BTU 12,000 ya kawaida inakula kama uniti moja kwa saa kompresa ikiwa inazunguka. Ikizima na kuwaka chukulia wastani wa 0.8. Ukilala nayo masaa 8 ni uniti 6.4. Kwa bei ya kama shilingi 356 kwa uniti ni kama 2,280 kwa usiku mmoja, mwezi mzima inakaribia 68,000. Chumba kimoja hicho. Pangaboi la wati 70 masaa hayohayo ni uniti 0.56, yaani shilingi 200. Ukichukua inveta utapunguza, kwa sababu haizimi na kuwaka kila mara, inashuka taratibu inabaki inanyonya kidogo.

Na acheni kuweka nyuzi 16. Kwa AC ya kawaida kuweka 16 haiharakishi kupoza, kasi ni ileile, inachofanya ni kukataa kupumzika. Weka 25 au 26 na feni taratibu, mwili hautaona tofauti.

#25 Mkonze_Yetu
Mbona mimi umeme nanunua uniti kwa bei ya chini sana kuliko hiyo 356?

#26 umeme_safi
Wewe utakuwa D1, lile kundi la wanaotumia umeme kidogo nyumbani. D1 uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ukipita 75 zinazofuata ni 350 kila moja kabla ya kodi na tozo. Ndo maana nasema AC kwa mtu wa D1 inauma mara mbili, ile ya chumba kimoja tu niliyopiga hesabu ni uniti 192 kwa mwezi. Ukiizoea ile bei ya chini fikiria mara mbili.

#27 Area_C_Kwetu
Nimeishi na AC nyumba ya kupanga isiyo na kitu juu ya silingi. Inapoza vizuri, ukizima robo saa nyingi joto limesharudi. Ni kupoza bati la mwenye nyumba. Anayefunga AC aanze na silingi kwanza.

#28 duka_la_feni
Kwanini hamzungumzii zile feni za maji? Air cooler. Dodoma ndo penyewe. Inanyonya kama wati 100 hivi, unajaza maji unalala.

#29 mwalimu_jiografia
Kwenye hili namuunga mkono. Ile mashine inafanya kazi kwa maji kugeuka mvuke, na mvuke ukitoka unachukua joto la hewa. Inategemea hewa iwe kavu. Oktoba huku mchana unyevu unaweza kuwa asilimia 30, hewa ya nyuzi 31 kwa mashine nzuri inaweza kutoka na nyuzi 22 au 23. Dar haiwezekani maana hewa ishajaa maji. Ila sharti dirisha liwe wazi kidogo ule unyevu utoke, ukifunga chumba baada ya muda inakupulizia unyevu tu na joto liko palepale. Na mvua zikishaanza Januari Februari nguvu inapungua.

#30 KisimaKavu
Maji mnayatoa wapi? Mashine ya saizi ya sebule inakunywa lita kadhaa kwa saa na huku kwetu maji yanakuja kwa ratiba. Halafu maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, zile pedi zinaganda ukoko mweupe msimu mmoja tu, upepo haupiti tena. Mimi ninayo, imekuwa meza ya kuwekea vitu.

#31 duka_la_feni
Mkuu pedi unaziloweka kwenye maji ya siki au ndimu ule ukoko unatoka. Na kila baada ya siku kadhaa mwaga yale maji yaliyobaki kwenye tenki usijazie juu yake, chumvi ndo inajirundika hapo. Ukivuna maji ya mvua yanafaa zaidi.

#32 Mnyaturu_Halisi
Mnaongelea joto tu, mleta mada kataja na baridi ya Julai. Huku Singida na upepo wetu ndo shughuli. Kwetu tunawasha jiko la mkaa tunaingiza ndani chumba kinapata moto fasta.

#33 nesi_wa_zamu
@Mnyaturu_Halisi ndugu yangu nakuomba sana, ACHA. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haionekani, haiwashi macho. Unasikia kichwa kinauma na usingizi mzito unadhani ni uchovu, ndo hauamki. Kila msimu wa baridi watu wanapotea hivi, familia nzima chumba kimoja. Hata mkaa ukiwa umeiva mwekundu bila moshi ndo bado unatoa. Usilale nalo ndani hata kidogo, na kama kuna mtu ana mama mzee kijijini anayefanya hivi mpigie simu leo.

#34 Mnyaturu_Halisi
Nimeelewa dada. Nitaongea na nyumbani.

#35 umeme_safi
Hita za umeme za waya nazo ni wati 1,500 mpaka 2,000, zinakula kuliko AC. Kama tayari una AC angalia rimoti yako kama ina alama ya jua, nyingi za kisasa zinapasha pia. Ile haitengenezi joto, inalihamisha toka nje kuja ndani, kwahiyo kwa uniti moja ya umeme unapata joto la uniti tatu hivi. Kwa nyuzi 13 au 14 zetu za alfajiri ya Julai inafanya kazi vizuri sana.

#36 rangi_nyeupe_tu
Wakuu nimechelewa. Pakeni bati rangi nyeupe. Mimi kwangu Miyuji bati lilikuwa la zamani limeanza kutu, nikalisugua, nikapaka praima na rangi nyeupe ya bati. Bati jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua juu, la kijivu iliyokolea linalimeza. Sijagusa silingi, sijagusa kuta, na mke wangu ndo wa kwanza kusema chumba kimebadilika. Mjomba wangu yeye kapaka chokaa tu kwenye banda la kuku, inasafishwa na mvua lakini kila Septemba anarudishia, kuku hawafi tena na joto.

#37 Ilazo_Juu
Nyeupe na vumbi la Dodoma mkuu? Mwezi wa 10 itakuwa rangi ya udongo.

#38 rangi_nyeupe_tu
Inachafuka ndio, ila hata ikichafuka haifiki kijivu iliyokolea. Na upepo nao unapeperusha kwenye mteremko.

#39 Mkazi_Nzuguni
Sasa swali, nikipaka nyeupe si Julai ndo nitaganda?

#40 fundi_kenchi
Hapana. Baridi ya alfajiri inakuja kwa sababu usiku joto la ndani linapanda linapita kwenye jipsam nyembamba linapotelea kwenye bati la baridi, na hewa inapenya kwenye madirisha. Dawa yake ni kulaza pamba ya kioo juu ya jipsam, ile ya manjano, inazuia mchana lisishuke na usiku lisipande. Vaa glovu na barakoa ukilaza, inawasha. Ukikosa hela ya pamba kuna foili ya silva, ila nawaona mafundi wanaigandisha moja kwa moja kwenye bati upande unaong'aa ukigusana na bati, hapo haina kazi, bati linaipasha na yenyewe inapasha chini. Inatakiwa iachane na bati, unaipiga chini ya kenchi na upande unaong'aa uangalie chini, ukiangalia juu vumbi linaifunika mwaka mmoja ishakufa.

#41 mpangaji_Chang'ombe
Sisi wapangaji je? Kupaka bati haturuhusiwi, kupanda mti ni wa mwenye nyumba, silingi hamna kabisa ni bati hili hapa naliona.

#42 mama_wa_Makulu
@mpangaji_Chang'ombe pole. Mapazia mazito na kufungua usiku ni ya kwako hayahitaji ruhusa. Silingi ya kitambaa pia inasaidia, unafunga shuka au turubai jeupe kwenye papi lishuke kidogo chini ya bati, lisigusane na nyaya wala balbu. Na kitanda kitoe kwenye ukuta wa magharibi.

#43 Area_C_Kwetu
Kuna kingine hamjakitaja, watu wamesakafia viwanja vyote paving na zege, hakuna hata bustani. Nyumba za zamani kule Uzunguni zina baraza pana, silingi ziko juu, kuta nene na miti mikubwa imezunguka, ukipita hata mchana unasikia hewa ingine. Sisi viwanja vipya tunaanza kwa kung'oa kila mti.

#44 ramani_tu
Paving ina mchango ila ni mdogo ukilinganisha na paa. Mimi bado nasema ni mkao wa nyumba.

#45 Ilazo_Juu
Na mimi bado nasema dirisha.

#46 Mkazi_Nzuguni
Nimeshika ukuta wa magharibi saa tatu usiku kama dada alivyosema, una vuguvugu hasa, wa mashariki umepoa. Halafu nikapanda kwenye mfuniko wa silingi nikaingiza mkono, huko juu nako kuna moto. Kwahiyo wote wawili mna hoja. Fundi, nikitoboa hayo matundu ya gebo si popo wataingia? Jirani yangu wanamtesa, silingi imeoza kwa mkojo.

#47 fundi_kenchi
Wataingia ukiacha wazi, popo anapita kwenye upenyo mdogo sana. Weka wavu wa chuma wenye matundu ya robo nchi, uufunge kwa ndani ya tofali za matundu kabla hujapiga ripu, usigongelee misumari juujuu. Usikubali wavu wa nailoni, panya anautafuna. Na kabla ya kuziba sehemu yoyote hakikisha jioni wameshatoka wote, ukiwafungia humo wakifa harufu yake hutaweza kukaa.

#48 Mkonze_Yetu
Fundi njoo PM, kwangu kuna gebo mbili.